Sahihi ya Baba Yake

Siku ya kwanza nilipoingia kwa Profesa, kabla sijavua koti, aliniuliza mama yangu alikuwa na ng'ombe wangapi.

Nilidhani sikumsikia vizuri. Nilikuwa nimetoka Kingstanding alfajiri, nikapanda mabasi mawili kuvuka Birmingham hadi Kings Heath, na kampuni yangu ya kuhudumia wazee ilikuwa imeniambia mambo matatu tu: mzee ni Mrusi wa miaka themanini na sita, macho yake yanazima, na wahudumu wawili walionitangulia walikataa kurudi. Nikamjibu kwamba nimekuja kumwogesha na kumpa kiamshakinywa.

"Najua ulichokuja kufanya," akasema. "Nauliza ng'ombe."

"Watatu. Halafu wakawa wawili."

"Wa tatu alienda wapi?"

"Alikufa. Kupe."

"Nani alikuwa akikama?"

"Mama. Baadaye mimi."

Akatoa kadi mfukoni mwa vazi lake la kulalia na kuandika kwa kalamu nene nyeusi, herufi kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza, maana ndogo hakuweza tena kuziona. Hapo nikaelewa kwa nini wale wawili hawakurudi. Mtu aliyetoka mbali kuja kufua shuka za wengine hapendi kuhesabiwa mifugo.

Mimi nilirudi kwa sababu nilihitaji zile saa za kazi. Halafu nikazoea. Alikuwa mwanahistoria, lakini hakuwahi kuandika habari za wafalme wala majemadari. Maisha yake yote alikuwa ameandika juu ya wakulima wa kwao: nyumba moja ililala watu wangapi, farasi alikuwa wa nani, walikula nini akiba ya nafaka ilipokwisha na mavuno bado yako mbali. Alikuwa amefundisha chuo kikuu hapa Birmingham mpaka akastaafu. Mkewe alikuwa amezikwa hapa hapa. Nyumba ilikuwa baridi, vitabu vimepanda hadi darini, na kadi zimejaa katika maboksi ya viatu chini ya kitanda, juu ya kabati, hata ndani ya jiko la mkate ambalo hakuna aliyekuwa akiliwasha. Alipojua kwamba nilifundisha darasa la sita karibu na Kitale miaka kumi na minne, akaacha kuniita kwa jina lililo kwenye beji. Akaniita Mwalimu. Katika nchi hii hakuna mwingine aliyekuwa akiniita hivyo.

Tuliongea Kiingereza, yeye na lafudhi yake ya mawe, mimi na yangu. Maisha yake nilisimuliwa vipande vipande, nikimnyoa ndevu au nikimpaka mafuta miguuni, asubuhi moja utoto, asubuhi nyingine uzee. Hapa ninaviunganisha mwenyewe.

Alizaliwa kijijini, kando ya mto mkubwa ambao wakati wa baridi uliganda hata malori yakapita juu yake. Baba yake alikuwa katibu wa kijiji. Alikufa vitani mtoto akiwa na miaka minne, na kilichobaki kwake ni picha moja na barua tatu. Mama yake alizisoma kwa sauti kila Jumapili, na mtoto akajifunza kusoma kwa kufuata kidole cha mama. Mwandiko wa baba ulilala kushoto, kwa sababu alitumia mkono wa kushoto. "Ningeutambua gizani," aliniambia.

Alikuwa na akili, akapata nafasi chuo kikuu Moscow. Akachagua historia ya wakulima kwa kuwa ndio watu pekee aliowajua. Katika tasnifu yake aliandika kwamba wakati serikali ilipowanyang'anya wakulima mashamba na kuwaingiza katika mashamba ya pamoja, watu wa wilaya ile walikufa kwa njaa. Msimamizi wake, ambaye Profesa alisisitiza alikuwa mtu mwema, alimwita ofisini, akafunga mlango, akawasha redio, kisha akamwonyesha neno hilo kwa ncha ya kalamu.

"Hili halitapita."

"Lakini walikufa."

"Andika 'matatizo ya chakula'."

Akaandika matatizo ya chakula. Akapewa shahada, akapewa kazi. Bibi yake mzaa mama, pamoja na watoto wake wawili, walikuwa wamefia katika matatizo hayo ya chakula.

"Uliogopa?" nilimuuliza. Nilikuwa nimeshika wembe, naye ameinua kidevu.

"Hapana. Hilo ndilo baya zaidi. Nilikuwa nimeoa juzi, tunangoja kupewa chumba. Nilifuta neno, nikaenda nyumbani, nikala."

Miaka ikapita. Akiwa ameshavuka hamsini, serikali ile ilianza kulegea na hifadhi za nyaraka zikafunguliwa. Akapanda treni kwenda wilayani kwao. Nyaraka zilikuwa katika chumba cha chini chenye maji sakafuni, akawa anasoma amevaa buti za mpira. Huko akakuta orodha za vitu walivyonyang'anywa wakulima walioitwa matajiri. Watu wa nyumba moja ya kijijini kwao, ya pili kutoka kisimani, mume, mke na watoto wanne, walipakiwa kwenye treni na kupelekwa kaskazini, na wawili kati ya watoto hawakufika. Orodha ya vitu vyao ilikuwa ya ukurasa mmoja. Koti la ngozi ya kondoo. Mashoka mawili. Susu ya mtoto. Samovari moja, lile birika refu la shaba lenye bomba ambalo Warusi huchemshia maji ya chai. Limebonyea ubavu wa kulia, mguu mmoja umebadilishwa, ni wa mti.

Mwandiko ulilala kushoto. Alijua kabla hajafika kwenye sahihi.

"Na samovari?" nikauliza, ingawa nilishaona inakokwenda.

"Nilikunywa chai yake mpaka siku niliyoondoka kwenda chuo. Ule mguu wa mti nilikuwa nikiuchokoa kwa ukucha, na mama akinipiga kofi la mkononi."

Akaandika kitabu. Safari hii neno njaa alilitumia kila lilipostahili. Orodha ya nyumba ya pili kutoka kisimani aliinakili yote isipokuwa mstari wa samovari, na chini yake akaandika: ilitiwa sahihi na katibu wa kijiji. Kitabu kikasifiwa kwa ukweli wake. Ndicho kilichomleta Birmingham, kwa mwaliko, wakati kwao taasisi yake ilikuwa haiwezi tena kumlipa mtu na mkewe alikuwa akisimama nje ya kituo cha treni kuuza vikombe vyao.

Binti yao alibaki kule. Alikuwa mtu mzima, ameolewa. Kila Jumapili walikuwa wakipigiana simu. Nchi yao ilipoanza vita hivi vya sasa na jirani, Profesa alimwambia binti yake alichofikiri, kwa maneno yaliyo wazi. Binti akamwomba asiseme hivyo kwenye simu, kwa sababu mume wake ni mtumishi wa serikali. Jumapili iliyofuata akasema tena. Nilipoanza kazi pale, simu ya Jumapili ilikuwa imekaa miezi mingi bila kulia.

Majira ya kuchipua, macho yalipobakiza mwanga wa pembeni tu, aliniambia anataka kuandika tanbihi moja ya nyongeza kwa kile kitabu.

"Maneno machache. Mimi nitasema, wewe utaandika. Wewe ni mwalimu, mwandiko wako utasomeka."

Nilidhani ni kazi ya asubuhi moja. Ilituchukua wiki tatu. Tulikaa jikoni, chai inapoa, yeye akisema na kufuta. Sentensi ya kwanza ilikuwa rahisi: katibu aliyetia sahihi orodha hii alikuwa baba yangu, na samovari niliyoiondoa kwenye orodha ilikuwa nyumbani kwetu. Kilichomshinda ni kilichofuata.

"Ongeza: alikuwa na miaka ishirini na mitatu."

Nikaongeza.

"Futa. Wa nyumba ile pia walikuwa vijana."

Nikafuta.

"Ongeza: angekataa, angepelekwa na yeye."

"Una hakika, Profesa?"

"Sina waraka unaothibitisha. Futa."

Siku nyingine alitaka kuongeza kwamba baba alikufa akiitetea nchi. Tukaandika, tukafuta. Mwishowe yakabaki maneno yale yale ya siku ya kwanza, pamoja na sentensi moja zaidi: nilijua tangu siku nilipoiona orodha, nikanyamaza.

Sijui ni nini kilichonifungua mdomo. Labda ni kule kusikia mtu akifuta visingizio vyake kimoja kimoja kila asubuhi. Siku moja nikiosha vikombe nilimwambia habari ya mlango.

Wakati wa fujo za baada ya uchaguzi, jirani yetu alikimbia na watoto wake. Alikuwa fundi cherehani, ndiye aliyenishonea gauni la harusi. Watu wa upande wetu hawakumtaka tena pale, na usiku walikuwa wamemtupia mawe juu ya bati. Aliondoka na cherehani mgongoni. Siku ya tatu marehemu mume wangu na mimi tulikwenda tukang'oa mlango wake wa mbele, mlango wa chuma wa rangi ya buluu, tukaufunga kwetu. Tulisema tunamtunzia usiibiwe. Hakurudi, nasi hatukumtafuta. Shemeji yangu, anayekaa sasa katika nyumba yetu ile, bado anaufunga kila jioni.

Profesa aligeuza sikio upande wangu.

"Bawaba zilikuwa ngapi?"

"Tatu."

"Nani alizifungua?"

"Mume wangu."

"Na wewe?"

"Niliushika usianguke."

Akatoa kadi. Nikaona ile kalamu nene inatembea, na jina langu juu kabisa. Nikamwambia asiandike. Hakuacha. Nikavua aproni, nikaiweka juu ya meza, nikatoka kabla ya saa yangu kwisha. Kampuni nikaiambia ninaumwa.

Nilikuwa nimepanga chumba kwa mama mmoja Mkongo, kutoka Uvira, mjane, tuliyekutana kanisani. Alinikuta nimekaa jikoni mchana mzima. Nikamweleza.

"Ule muzee ataku­ua na maulizo yake," akasema. "Kwetu kule, mutu akikuja kukuuliza uko na ngombe ngapi, unakusanya batoto, unakimbia. Siku mbili kisha, banakuya kubachukua."

"Yeye hachukui kitu. Anaandika tu."

"Bote banaanzaka na kuandika." Akageuza sombe, kisamvu cha kwao, kwenye sufuria. Halafu, bila kunitazama, akauliza, "Na ile mlango, dada? Mwenyewe iko fasi gani?"

Sikujua mwenye mlango alikuwa wapi. Yeye mwenyewe alinyang'anywa kila kitu kwao, aliwahi kuniambia hivyo, nyumba na mbuzi na picha za harusi, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti chake nikilalamika kwamba nimeandikwa kwenye kadi. Hakunifukuza. Alipakua, akaniwekea sahani kama kila siku, lakini siku ile hakukaa kula na mimi.

Nikaanza kumtafuta yule jirani. Ilinichukua simu nyingi, mwalimu mwenzangu wa zamani hadi mchungaji, mchungaji hadi mwenye duka la vitambaa Nakuru. Mwishowe akapokea msichana mwenye sauti ya upole. Alikuwa binti wa jirani, yule mdogo niliyekuwa nikimpa mandazi. Mama yake alikuwa ameshafariki, miaka miwili sasa.

Nikampa pole. Nikajitaja. Nikaanza kusema habari ya mlango, na maneno yakanipotea, nikarudi kwenye yale ya kumtunzia.

"Mama alijua," akasema.

"Alijua nini?"

"Alirudi mara moja, mambo yalipotulia. Alikuja na mjomba kwa pikapu, tuone kama tunaweza kuanza tena. Akaona mlango wake kwenu. Wewe ulikuwa uani unaanika nguo. Akamwambia mjomba ageuze gari."

Nilimuuliza kama angependa mlango urudishwe, au nimfanyie nini.

"Nitauweka wapi, teacher? Sisi tumepanga." Hakuwa na hasira. Alisema anaingia kazini, akaniaga vizuri, akakata.

Nilipiga pia kwa shemeji. Aliniambia mlango umeshikwa na saruji, ukitaka kuung'oa ubomoe ukuta, na kama Uingereza kumenishinda nirudi nyumbani nipumzike kichwa.

Nilirudi kwa Profesa. Aproni ilikuwa pale pale mezani. Nikamsimulia yote, gari lililogeuzwa na nguo nilizokuwa nikianika. Nilitegemea aseme kitu, kwa umri wake na elimu yake. Alitafuta mkono wangu juu ya meza, akaukosa, akashika kijiko. Kisha akaisogeza ile kadi yangu mbele yangu.

"Ni yako. Ichane kama unataka."

Nikaisoma. Ilikuwa na ng'ombe watatu wa mama, kupe, mlango, bawaba tatu. Hakuwa ameongeza hukumu yoyote. Nikairudisha kwenye boksi mwenyewe, na jina langu juu yake, na sikufanya hivyo kwa ushujaa. Nilikuwa nimechoka tu.

Tanbihi aliichukua mwanafunzi wake wa zamani, mama wa Kiingereza ambaye sasa ni mhadhiri na aliyekuwa akija kila Jumatano na supu. Aliipeleka katika jarida dogo la wanahistoria, wakaichapa. Nilidhani hakuna atakayeisoma. Lakini mtu aliitafsiri, akaiweka mtandaoni kwa Kirusi, na Jumapili moja simu ikalia.

Profesa hakuweza tena kuishika vizuri, nikaiweka kwenye spika mezani. Sikuelewa neno hata moja, lakini binti yake aliongea kwa muda mrefu, na yeye alijibu neno moja moja. Mara mbili nilimsikia binti akilia. Simu ilipokatika akanitafsiria, sauti haina chochote ndani yake, kama mtu anayesoma waraka. Kila mwaka mwezi wa tano binti alikuwa akibeba picha ya babu yake barabarani pamoja na maelfu ya watu wanaobeba picha za mashujaa wao wa vita. Sasa mtoto wake shuleni ameulizwa kama yeye ndiye kitukuu wa mwizi. Mume ameitwa ofisini. Binti alitaka kujua baba amepata faida gani.

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia kwamba ni kweli. Akasema anajua ni kweli. Akasema hakuniuliza hilo."

Baada ya hapo alipungua. Aliacha kuniuliza maswali. Nilijaribu kumchokoza, nikamwambia jinsi mama alivyokuwa akihifadhi mahindi kwa majivu, kitu ambacho zamani kingejaza kadi mbili, akatikisa kichwa tu. Mwezi wa kumi na moja alianguka akienda chooni. Nilimkuta asubuhi sakafuni, ameshika mguu wa meza, hana joto mwilini. Gari la wagonjwa lilichelewa. Nilivua koti nikamfunika, nikalala kando yake kwenye zulia ili apate joto langu, na tukangoja hivyo, mzee wa Kirusi na mwalimu wa Kitale, tukiwasikia wapita njia wa Kings Heath wakienda sokoni.

Hospitali alikaa siku tisa. Nilikwenda kila nilipopata nafasi, si kwa saa za kampuni. Siku mbili za mwisho aliongea Kirusi tu. Mhadhiri alikaa upande mmoja, mimi upande mwingine. Nilimuuliza mhadhiri mzee anasema nini. Alisikiliza, akaniambia si sentensi, ni majina ya vitu: shoka, ndoo, hatamu.

Makaburini tulikuwa watano, pamoja na kasisi na mchimba kaburi. Mvua ilikuwa nyembamba na ya kuudhi. Walimweka kando ya mkewe. Mama Mkongo alikuja nami, amevaa kitenge cheusi, na udongo ulipoanza kumwagwa akaimba wimbo wa kanisani kwao, peke yake, hadi ubeti wa mwisho. Maboksi ya viatu yalikwenda chuo kikuu kwa gari dogo. Nyumba ikafungwa.

Wiki mbili baadaye nilikuwa Hockley, kwa mteja mpya, bibi mmoja asiyeongea. Simu ikaonyesha namba ndefu ya nje. Ilikuwa saa nne asubuhi. Binti wa Profesa alikuwa amepewa namba yangu na mhadhiri. Kiingereza chake kilikuwa cha shule, cha taratibu.

"Wewe ndiye uliyeandika," akasema.

"Yeye alisema. Mimi niliandika."

"Ungeweza kukataa."

"Ndiyo. Ningeweza."

Nikangoja anitukane. Nilisikia mlango ukifungwa kwake, halafu maji ya bomba, kama mtu aliyeyafungulia ili asisikike na wengine ndani ya nyumba.

"Siku za mwisho alikuwa anakula nini?"

"Uji wa shayiri, wenye chumvi. Hakupenda sukari. Hospitali alikula kidogo sana."

"Nyumba ilikuwa na joto?"

Ningeweza kumdanganya. Nikamwambia hapana, alikuwa akizima hita nikishatoka, kila siku, na kila asubuhi nilikuwa nikimkuta amevaa koti ndani. Akasema hata zamani alikuwa hivyo. Akauliza nani alikuwa naye. Nikamwambia. Akaniomba nirudie, taratibu, siku zote tisa za hospitali, nami nikamweleza siku moja baada ya nyingine nikiwa nimesimama kwenye korido ya yule bibi, na maji ya kule yakiendelea kumwagika.